Kipaka Aliyefiwa na Mama: Nafaqa Yake katika Sira, Fiqhi na Historia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Mlezi wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa maswali yanayoletwa misikitini katika mitaa ya Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, limo moja ambalo watu hulicheka kabla ya kulijibu. Paka jike amezaa darini au nyuma ya magunia ya mahindi. Siku chache baadaye amekula panya aliyekula sumu, au amegongwa na gari barabarani, na wanawe wamebaki wakilia hawajafumbua hata macho. Mwenye nyumba anauliza: Je, nina jukumu lolote juu ya vipaka hawa? Je, nguo yangu ya sala itakuwaje nikiwalea ndani? Na je, kukesha kwa ajili ya paka si kupoteza wakati ambao Muislamu angeutumia katika ibada?

Anayecheka swali hili ameisahau historia ya dini yake. Sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote jina lake kwetu sisi limetokana na kipaka. Hukumu ya twahara inayosomwa katika kila darasa la fiqhi imetokana na paka aliyekuja kunywa maji ya udhu. Na onyo moja zito kabisa kuhusu kumnyima mnyama chakula lilitolewa siku ambayo Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifiwa na mtoto anayenyonya. Kwa hiyo tutalitazama swali hili kwa utaratibu wake: kwanza lugha, kisha historia, kisha hukumu, na mwisho namna ya utekelezaji.

NANI ANAITWA YATIMA?

Katika Kiswahili chetu, neno "yatima" hutumika kwa aliyefiwa na baba, au mama, au wote wawili. Lakini katika Kiarabu, ambako neno hili limetoka, mabingwa wa lugha wamepambanua. Ibn Mandhur, aliyefariki mwaka 711 Hijria, ameyakusanya maneno yao katika kamusi yake kubwa Lisanul-Arab: kwa wanadamu yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, na kwa wanyama yatima ni aliyefiwa na mama. Ama kwa ndege, wako waliosema ni yule aliyewapoteza wote wawili, kwa kuwa baba na mama hushirikiana kulisha makinda.

Tofauti hii ina sababu yake. Yatima ametazamwa kwa upande wa anayemhudumia. Kwa mwanadamu, nafaqa ya mtoto iko juu ya baba, kwa hiyo akifa baba mtoto amekatikiwa na nafaqa, japo mama yupo. Kwa mnyama anayenyonyesha, dume hana habari na wanawe. Chakula ni mama, joto ni mama, usafi ni mama. Akifa huyo, kila kitu kimekatika kwa mara moja. Waluguru, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hawatapata taabu kuifahamu maana hii, ingawa katika hukumu za mirathi na ulezi wa mtoto wa mwanadamu tunabaki na ilivyosema sharia.

Basi tukisema "kipaka yatima" hatukopi neno la wanadamu na kulipachika kwa mnyama kwa mzaha. Ni istilahi sahihi ya Kiarabu, na ndani yake tayari mna jibu la nusu ya swali: anayemchukua yatima wa mnyama anachukua nafasi ya mama, na hukumu itafuata vitu vile alivyokuwa akivitoa mama.

ABU HURAYRA (R.A.) NA KIPAKA CHAKE

Neno "hurayra" ni udogo wa "hirra", yaani paka jike, kwa mizani ya "fu'ayla" inayojulikana kwa kila mwanafunzi wa sarufi. Kwa hiyo Abu Hurayra si "mwenye paka" tu, bali ni "mwenye kipaka". Jina lenyewe limehifadhi kuwa mnyama yule alikuwa mdogo.

Imam Tirmidhi, aliyefariki mwaka 279 Hijria, amepokea katika mlango wa sifa za Masahaba kwamba Abdullah bin Rafi' alimuuliza Abu Hurayra sababu ya kuitwa kwa kunia ile. Akaeleza kuwa alikuwa akichunga kondoo na mbuzi wa jamaa zake, naye alikuwa na kipaka. Usiku alikuwa akimweka juu ya mti, na mchana akifuatana naye na kucheza naye, ndipo watu wakamwita kwa jina hilo. Tirmidhi ameihukumu hadithi hii kuwa ni hasan gharib. Iko pia riwaya ya Ibn Is-haq, aliyoitaja Al-Hakim, isemayo kuwa alipokuwa machungani aliwakuta watoto wa paka mwitu akawatia katika mkono wa nguo yake. Aliporudi nyumbani watu wakasikia sauti zao, wakamuuliza, kisha wakamwita Abu Hurayra. Riwaya hii ya pili Ibn Is-haq ameipokea kwa mtu asiyemtaja jina, kwa hiyo haifiki daraja ya ile ya Tirmidhi, bali inakubaliana nayo katika asili ya jambo: kijana mchungaji, machungani, na mnyama mchanga asiye na wa kumlinda.

Tuangalie ni kijana gani huyo. Kabila lake ni Daws, watu wa milima ya Sarat, kusini ya Makka. Ibn Majah amepokea maneno yake mwenyewe kwamba alikulia katika uyatima, akahama hali ya kuwa maskini, na aliwahi kuwa mtumishi wa binti Ghazwan kwa ujira wa chakula. Na mama yake alikuwa hai: Imam Muslim amesimulia jinsi alivyosilimu Madina kwa dua ya Mtume (s.a.w.) baada ya mwanawe kumlilia. Basi Abu Hurayra alikuwa yatima kwa maana ile ile ya lugha tuliyoitaja, yatima wa baba. Yatima wa mwanadamu ndiye aliyempandisha kipaka mtini usiku ili asiliwe.

Alifika kwa Mtume (s.a.w.) mwaka wa 7 Hijria (628), wakati wa Khaybar, akakaa na watu wa Suffa, maskini waliolala msikitini. Bukhari ametoa katika Kitabu cha Riqaq kisa cha njaa yake, jinsi Mtume (s.a.w.) alivyomwona akamwita "Abu Hirr", akamwingiza nyumbani palipokuwa na bakuli la maziwa, akamwamuru awaite watu wa Suffa wote. Wakanywa mmoja baada ya mmoja, naye akabaki wa mwisho, akahimizwa anywe na anywe tena mpaka akasema hapana tena nafasi tumboni. Aliyekuwa akimlinda kipaka alikuja kuhurumiwa kwa maziwa, na aliyemhurumia alimwita kwa jina la paka wake. Hakulibadilisha jina hilo, na tunajua kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiyabadilisha majina mabaya. Kwa hiyo anayelitaja jina la Sahaba huyu kwa dharau, kama kwamba ni jina la upuuzi, na achunge ulimi wake.

MAJI YA UDHU NA PAKA

Kisa cha pili kimo katika Muwatta' ya Imam Malik, na wamekitoa pia Abu Dawud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah. Kabsha binti Ka'b bin Malik alikuwa mke wa mtoto wa Abu Qatada (r.a.). Siku moja alimmiminia mkwewe maji ya udhu, akaja paka kutaka kunywa. Abu Qatada hakumfukuza, bali alikiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka. Kabsha akawa anatazama kwa mshangao. Ndipo akamwambia, kwa heshima ya kumwita binti wa ndugu yake, kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, bali ni katika wale wanaozunguka-zunguka kwetu, waume na wake.

Neno lililotumika hapo ni "tawwafin". Mwanafunzi wa Qur'ani atalikumbuka katika Suratun-Nur, aya ya 58, pale Mwenyezi Mungu anapowataja watumishi na watoto ambao hawajabaleghe, kwamba nje ya nyakati tatu za faragha hawana haja ya kuomba idhini kila wanapoingia, kwani wao ni wenye kuzunguka kwetu. Wanavyuoni wakaunganisha hapo: sababu ya wepesi katika sehemu zote mbili ni moja, yaani uzito wa kujikinga na yule ambaye yumo ndani ya nyumba daima. Paka amehesabiwa na sharia kuwa ni katika watu wa nyumbani kwa upande huu wa hukumu.

Abu Dawud ameongeza kisa cha Bibi Aisha (r.a.). Aliletewa harisa naye yumo katika sala, akaashiria iwekwe chini. Paka akaja akala kidogo. Alipomaliza sala, akala pale pale alipokula paka, na akaeleza kuwa amemwona Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa maji aliyoyabakisha paka.

SIKU ILIPOPATWA JUA

Kisa cha tatu ndicho kizito kuliko vyote. Hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka inajulikana na kila mtu: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie vijidudu vya ardhi, mpaka akafa. Wameitoa Bukhari na Muslim. Lakini wengi wetu huisimulia bila kutaja siku ambayo habari zake zilitolewa mbele ya umma.

Imam Muslim ametoa katika mlango wa sala ya kupatwa jua, kutoka kwa Jabir (r.a.), kwamba jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.). Wataalamu wa falaki wamelihesabu tukio hilo kuwa ni tarehe 27 Januari 632, mwaka wa 10 Hijria. Ibrahim alikufa hajamaliza kunyonya, na Bukhari amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alisema mwanawe anaye mnyonyeshaji Peponi. Watu wakadhani jua limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Mtume (s.a.w.) akawasalisha sala ndefu, kisha akawaambia kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Na katika yale aliyowaeleza kuwa ameonyeshwa katika sala hiyo ni yule mwanamke wa paka, aliyemfunga na kumnyima chakula.

Ewe ndugu Muislamu, zingatia. Baba amefiwa na mtoto wa maziwa, na katika siku hiyo hiyo anawahadharisha watu juu ya mnyama aliyekufa kwa njaa mikononi mwa binadamu. Msiba wake haukumziba macho asione njaa ya kiumbe kingine. Na tazama sababu ya adhabu: mwanamke yule alimfunga na hakumlisha. Angemwachia ajitafutie, lawama ya kumfungia isingempata. Hapa ndipo linapotokea suala la kipaka mchanga, kwa sababu yeye hana uwezo wa kujitafutia hata ukimwachia mlango wazi. Kumtupa jalalani si kumwachia huru.

YALIYOTHUBUTU NA YASIYOTHUBUTU

Kwa kuwa jambo hili lina hadithi sahihi za kutosha, hatuna haja ya kulipamba kwa yasiyokuwa na sanadi. Inasimuliwa sana katika mihadhara kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na paka aitwaye Muezza, akalala juu ya mkono wa nguo yake, naye akaukata mkono huo ili asimwamshe. Kisa hiki hakina sanadi katika vitabu vya hadithi. Kinachofanana nacho kimepokewa juu ya Sheikh Ahmad ar-Rifai, aliyefariki mwaka 578 Hijria (1182), ambaye dhikri yake inajulikana pwani yetu yote. Imam Dhahabi ameandika katika Siyar A'lam an-Nubala kuwa paka alilala juu ya mkono wa nguo ya sheikh huyo, wakati wa sala ukaingia, akaukata, kisha aliporudi akaushona tena na kusema kwamba hakuna kilichoharibika. Basi kisimuliwe kwa mwenyewe, wala asizuliwe Mtume (s.a.w.).

Vile vile yale maneno kwamba kumpenda paka ni katika imani. As-Saghani, aliyefariki mwaka 650 Hijria, ameyahesabu kuwa ni ya kuzuliwa, na Mulla Ali al-Qari (aliyefariki 1014 Hijria) aliliandikia suala hilo risala nzima. Tunamhurumia paka kwa dalili zilizothubutu, na zinatosha.

WALIOKUJA BAADA YAO

Historia ya Waislamu imejaa athari za mafundisho haya. Ibn Khallikan amemtaja Ibn Babshadh, bingwa wa nahau wa Misri aliyefariki mwaka 469 Hijria (1077), ambaye alikuwa na mshahara serikalini kwa kazi ya kusahihisha lugha ya barua za dola. Siku moja alikuwa akila na wenzake juu ya dari ya msikiti, akaja paka. Wakampa tonge, akalichukua akaenda nalo, kisha akarudi, wakampa tena, akaenda tena. Wakamfuata, wakamkuta anampelekea paka mwingine aliye kipofu. Ibn Babshadh akasema: ikiwa Mwenyezi Mungu amemtumikisha mnyama huyu kumhudumia mwenzake asiyeona, vipi atampoteza mtu kama mimi? Akaiacha kazi ya serikali akashughulika na elimu na ibada.

Huko huko Cairo, Mwingereza Edward William Lane, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1836, ameandika kuwa Sultani Baybars, aliyetawala kuanzia 1260 hadi 1277, aliacha bustani iwe waqfu kwa ajili ya paka wasio na mwenyewe. Waqfu ule ulidhoofika kwa kuuzwa-uzwa, na Lane anaeleza kuwa katika zama zake kadhi ndiye aliyekuwa akitoa chakula cha paka kila siku katika uwanja wa mahakama. Kwetu, atakayefika Lamu atawaona paka vichochoroni, mbele ya wauza samaki na barazani, wakiishi katikati ya watu bila ya kuulizwa ni wa nani.

HUKUMU KWA MUJIBU WA MADHEHEBU YA IMAM SHAFII

Kwanza, nafaqa. Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria), katika Minhaj at-Talibin, mwishoni mwa mlango wa nafaqa, ameweka wazi kuwa mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha, na akikataa hulazimishwa. Akaongeza kuwa haifai kukamua maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto wa mnyama. Izzuddin bin Abdussalam (aliyefariki 660 Hijria), katika Qawa'id al-Ahkam, akizihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu, ametaja kuwahudumia hata wakiwa wagonjwa au wazee wasio na faida tena, na kutowachinja watoto wao mbele ya macho yao. Ikiwa asiye na faida tena ana haki, basi asiyeanza bado kuwa na faida hawezi kukosa haki kwa hoja hiyo ya faida.

Kwa hiyo jibu lina sehemu mbili. Kipaka aliyezaliwa na paka wako, au uliyemchukua ukamweka ndani mwako, nafaqa yake iko juu yako, na kumwacha afe kwa njaa ni kuingia katika maana ya hadithi ya mwanamke yule. Ama kipaka uliyemkuta njiani, asiye wako, kumhudumia ni katika wema unaolipwa, kwani katika hadithi ya aliyemnywesha mbwa mwenye kiu, waliyoitoa Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, mna ujira. Na asiyeweza kumlea mwenyewe amtafutie anayeweza.

Pili, kutenganisha mama na mwana. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud (r.a.) kwamba katika safari baadhi ya Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipiga mbawa. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemfadhaisha kwa wanawe, akaamuru arudishiwe. Kwa hiyo kabla ya kumwita kipaka yatima na kumbeba, hakikisha kuwa mama hayupo kweli. Paka jike huwaacha wanawe kwa saa kadhaa akitafuta chakula, na mara nyingi huwahamisha mmoja mmoja. Kaa mbali, ngoja, utazame. Anayemchukua mapema amemfanya yatima kwa mikono yake.

Tatu, twahara. Mwili wa paka akiwa hai ni twahara, na maji aliyoyabakisha ni twahara kwetu. Mahanafi wameyahesabu kuwa ni makruhu. Ama mkojo wa kipaka ni najisi, na ni lazima kuoshwa. Baadhi ya wanafunzi huuliza: je, si kama mtoto wa kiume asiyekula ila maziwa, ambaye mkojo wake hunyunyiziwa maji tu? Jibu ni kuwa ruhusa ile imekuja kwa mtoto wa kiume wa mwanadamu, wala haipelekwi kwa mnyama kwa qiyasi. Hata kwa mtoto wa kike wa mwanadamu haikupelekwa. Unyoya wa paka uliong'oka kwetu ni najisi, lakini uchache wake umesamehewa, na anayeishi naye kila siku hupewa nafasi zaidi. Basi tenga nguo ya kumlelea na nguo ya sala, na jambo litakuwa jepesi.

Nne, maji. Katika mlango wa tayammum, Minhaj imetaja kuwa miongoni mwa sababu za kutayammum ni maji kuhitajiwa kwa kiu ya kiumbe chenye heshima ya uhai. Paka ni katika hao. Angalia sharia ilivyotukuza: maji ya udhu wako yanaondoka kwako kwa ajili ya kiu yake.

Tano, dhamana. Anayefuga paka ajue kuwa, kwa mujibu wa Minhaj, paka aliyezoeleka kuharibu ndege au chakula cha watu, mwenyewe hulipa alichoharibu. Huruma kwa kipaka haihalalishi vifaranga vya jirani.

NAMNA YA KUMLEA

Mjumbe wa nafaqa hii alikuwa mama, naye alikuwa akitoa vitu vitatu. Tuvitaje kwa mpangilio kama wanavyoeleza waganga wa mifugo.

La kwanza ni joto, na linatangulia chakula. Kipaka mchanga hawezi kujitengenezea joto la kutosha katika wiki zake za mwanzo, na usiku wa kipupwe chini ya Uluguru unamuua haraka kuliko njaa. Awekwe ndani ya boksi lenye vitambaa, pamoja na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga ili isimuunguze, na ipatikane nafasi ya yeye kusogea pembeni akizidiwa na joto. Aliyepoa mwili asilishwe mpaka apate joto kwanza, maana tumbo lake haliwezi kusaga.

La pili ni maziwa. Maziwa ya ng'ombe yana sukari ya maziwa nyingi kuliko ya paka, na protini chache, kwa hiyo humharisha, na kuhara humkausha akafa. Yako maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya vipaka. Asiyeyapata amuulize mganga wa mifugo chakula cha kushikilia kwa muda. Watu wa Bigwa wanayo neema ambayo miji mingi haina: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiko mji huu huu wa Morogoro, na kinafundisha uganga wa mifugo na kina hospitali ya wanyama. Kumwuliza mjuzi ni agizo la Qur'ani, na mjuzi wa jambo hili ni huyo. Kipaka wa wiki ya kwanza hulishwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, kidogo kidogo, kwa chupa ndogo yenye chuchu au bomba la sindano lisilo na sindano. Alale kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa huingia mapafuni.

La tatu ni usafi. Kipaka mchanga hawezi kukojoa wala kupata choo mwenyewe. Mama humlamba ndipo atoe. Anayemlea atumie pamba au kitambaa laini kilicholowa maji ya uvuguvugu, amfute taratibu sehemu hiyo baada ya kila mlo, mpaka afikie kiasi cha wiki tatu. Wengi huwalisha vizuri na bado vipaka hufa, kwa kutolijua jambo hili moja.

Kipaka huzaliwa na uzito wa karibu gramu 100. Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14. Akifikia wiki nne huanza kupewa chakula laini. Akifikia miezi mitatu apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa, kwani ugonjwa huo humpata paka pia. Anayemshika anawe mikono, na mjamzito asiguse kinyesi cha paka.

Na kuhusu yule aliyeuliza kama kukesha huku kunapoteza wakati wa ibada: anayeamka saa nane ya usiku kwa ajili ya kipaka yuko macho katika theluthi ya mwisho, wakati ambao wengi wetu tumelala. Anaweza kumlisha kisha akasali rakaa mbili. Kipaka amemfanyia kazi ya mwamshaji.

SUMU YA PANYA

Tumalizie kwa lile linalowafanya vipaka wengi kuwa yatima. Morogoro ni mkoa wa mahindi, na penye mahindi pana panya. Watu huweka sumu, panya hula, hujivuta nje akiwa dhaifu, na paka anayenyonyesha, mwenye njaa kuliko wote, ndiye wa kwanza kumkamata. Hivyo tunamuua mlinzi wa ghala kwa ajili ya kulilinda ghala, na panya hurudi hana wa kumzuia. Kanuni ya fiqhi ni kuwa hapana kudhuru wala kulipiza dhara. Anayelazimika kutumia sumu aiweke mahali pa kufungwa, awaokote panya waliokufa na kuwafukia, na awaambie majirani. Maimamu wetu na waliseme hili katika hotuba kabla ya msimu wa kuvuna, kwani ni katika haki za ujirani kabla ya kuwa haki za paka.

Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratu Hud, aya ya 6, kuwa hakuna kiumbe kitambaacho katika ardhi ila riziki yake iko kwake. Riziki hiyo huipitisha kwa mikono ya anayemtaka. Amewahi kuipitisha kwa mikono ya kijana yatima katika milima ya Daws, na jina la kijana huyo likabaki ndimini mwa umma mpaka leo. Tunamuomba azifanye nyumba zetu ziwe katika zile zinazopitishiwa kheri.

Wabillahi tawfiq.